Matairi ya Justin

Mdogo wangu Justin aliponitumia ile video nilidhani ni mzaha. Pikipiki ya magurudumu manne imezama kwenye theluji mpaka usukani, matairi yanazunguka bure, moshi unafuka, na mwenyewe amesimama pembeni theluji imemfika kiunoni, anacheka. Anacheka! Mtoto wa Machame, aliyekuwa akiitazama theluji ya Kibo kwa mbali huku anawakatia ng'ombe majani, leo yumo ndani yake huko milimani Uskoti, anakochunga kondoo wa watu, na anaona ni jambo la kuchekesha. Nilishtuka mpaka chai ikanimwagikia mapajani.

Kama hiyo haitoshi, kwa akili zake akamtumia na mama.

Mama yetu, Aikaeli, anakaa Machame na kitinda mimba wetu, Evans. Tangu aione ile video usingizi ulimpaa. Kila Jumamosi asubuhi, kabla hajaenda kwaya, alikuwa ananipigia simu, na kuanzia hapo salamu zilifutika. Hakuuliza tena habari za kazi, wala za mume wangu Godlisten, wala za binti yetu Vaileth. Ni moja kwa moja: "Winifrida, mwenzio ameshapata matairi?" Mimi ndiye mkubwa, na kwetu mkubwa akiwa ugenini na mdogo wake, mdogo huyo ni wake. Mama alinikabidhi kwa maneno yasiyo na sukari. Alisema, "Baridi ikimchukua huyo mtoto, usinipigie simu. Panda ndege uje uniambie mwenyewe, usoni." Mama yangu ndivyo alivyo, na wanaonifahamu hapa Wembley wanasema nimemrithi yeye mzima mzima.

Basi Jumamosi moja asubuhi simu ikalia. Nilidhani ni mama. Kumbe ni Justin.

"Dada, shikamoo. Leo uko off?"

"Marahaba. Niko off, na nimelala. Kuna nini?"

"Naomba uende kwa Paresh pale Kenton, unichagulie matairi ya quad. Ya deep snow. Haya yangu yamebaki vipara."

Nilikaa kitandani wima. Huyu ndiye Justin niliyembembeleza, nikamkaripia, nikamnunia, na jibu lake siku zote likawa, "Dada, nitaangalia." Leo anaomba mwenyewe. Nilishangaa, nikafurahi, nikamkaripia tena ili asizoee.

"Usikubali la kwanza atakalokuonyesha," akasema. "Muulize maswali yote. Kaa hapo mpaka uridhike, dada. Usifanye haraka."

"Mbona sauti imekauka hivyo?"

"Mafua."

"Mafua! Na unatembea kichwa wazi, nakujua. Sasa nisikilize. Hiyo pikipiki usiiwashe mpaka matairi yafike. Niapie."

Nilimsikia anapenga kamasi. Halafu akasema, "Naapa, dada," akakata simu.

Godlisten naye aliamka na mapya. Mume wangu Jumamosi ni mtu wa kochi na mpira, hata kikombe chake hakifiki kwenye sinki. Siku hiyo nilimkuta sebuleni anasukuma makochi kuelekea ukutani, eti anasafisha zulia. Nikasimama mlangoni nikamtazama kama mgeni. Nikamwambia anipe funguo za gari niende Kenton. Akasema gari halitawaka, betri imekufa, nipande treni tu. Nikasema sawa, anayesafisha zulia bila kuambiwa asiudhiwe. Mama alikuwa hajapiga, nikasema ni mvua. Kule mvua ikinyesha mtandao hufa. Tena ilikuwa afadhali. Safari hii nilitaka nimpigie mimi, nikiwa na jibu lake.

Paresh ni nani? Ni mwenye duka la matairi Kenton, mzee wa sitini na kitu, amezaliwa Moshi. Baba yake alikuwa na duka la spea karibu na soko, na ndiye aliyekuwa akimuuzia marehemu baba yangu matairi ya pikapu yake ya kubebea kahawa na ndizi. Kwa mama hilo linatosha. Uingereza ina wauza matairi wangapi, lakini yeye alisema, "Mwende kwa mtoto wa yule Mhindi, baba yake hakuwahi kutudanganya." Kwa bahati Paresh anauza pia matairi ya mashamba, anawapelekea wakulima huko nje ya London, kwa hiyo ya pikipiki za aina ya Justin hayamsumbui.

Kinachomsumbua Paresh ni wateja. Hana subira hata ya kuazima. Ukimuuliza swali la pili anatazama saa, la tatu anakwambia kuna duka jingine mbele. Kwa hiyo nilijiandaa kwa vita. Nimeingia tu, akatoka nyuma ya meza, akanivutia kiti, akafuta kiti kile kwa mkono wake.

"Karibu, Mama Vaileth. Kaa. Chai ya masala inakuja."

"Chai? Kaka Paresh, unaumwa?"

"Hapana, hapana. Baridi leo. Kaa basi."

Nikakaa, mdomo wazi.

Matairi nilikuwa nimeshayachagua kichwani. Kwetu Machame mvua za masika zikinyesha, barabara inakuwa uji, na baba alijua dawa yake: tairi lenye meno makubwa, marefu, yaliyoachana. Nililiona moja limening'inia ukutani, meno yake kama matofali. Nikalinyooshea kidole. "Hilo. Manne."

Siku nyingine Paresh angelishusha, akaandika, akanifukuza. Leo alitikisa kichwa polepole.

"Hilo ni la matope, Mama Vaileth. Matope yana chini. Tairi linachimba, linachimba, linafika kwenye udongo mgumu, linashika, unatoka. Theluji ya kiunoni chini yake iko wapi? Linachimba, pikipiki inashuka. Linachimba tena, inashuka tena. Mwisho inakalia tumbo, magurudumu yananing'inia hewani. Hapo hata ukiweka tairi la shetani, hutoki."

Ile video yote ikanirudia: matairi yanazunguka bure, pikipiki imelala kifudifudi, na mimi nilikuwa karibu kabisa kumnunulia mdogo wangu kile kile cha kumzamisha. Nikashika kikombe kwa mikono miwili.

"Sasa achukue lipi?"

"Linalopanda juu, siyo linalokwenda chini." Akaingia stoo, akatoka akivingirisha jingine, pana, la duara lililotuna, meno yake mafupi yamelala kwa mkato. "Umeona akina mama kwenye harusi, kwenye bustani ya kanisa? Mwenye kisigino chembamba anazama kwenye nyasi. Mwenye ndala anapita tu."

Nilicheka, maana mwenye kisigino mwaka jana Stanmore nilikuwa mimi.

"Halafu upepo unaweka kidogo," akasema. "Kidogo sana. Tairi lilale, litandaze tumbo lake kwenye theluji."

"Unataka mtoto wa watu aendeshe pancha?"

"Siyo pancha. Laini. Lakini rimu iwe ya kulishika vizuri, lisije likachomoka." Akanichukua mkono, akakibonyeza kidole gumba changu kwenye ubavu wa tairi. Ukabonyea. Akanipeleka mpaka mlangoni, kwenye jingine la meno makubwa kama lile la ukutani, lililokuwa limelala nje kwenye baridi. Nikabonyeza. Jiwe. "Hii ni baridi ya London tu," akasema. "Huko kwa Justin ni mara ngapi? Mpira ukiwa mgumu haushiki kitu, unateleza kama sabuni. Ubavu ukiwa mnene sana haulali hata ukitoa upepo wote."

Nilimtazama Paresh kwa mshangao usioisha. Sikujua kama ana maneno mengi hivi ndani yake. Nilimuuliza la pili, la tatu, nikamuuliza la kumi, hakutazama saa hata mara moja. Niliuliza kama ya mbele yawe membamba ili usukani uitikie. Akasema wengine hufanya hivyo, ila kwa pikipiki inayovuta magurudumu yote manne afadhali yalingane. Niliuliza kuhusu minyororo. Akasema minyororo ni ya barafu, kwenye theluji laini inachimba vile vile. Kila nikitaka kusimama, anatoa tairi jingine stoo. Na chai nyingine.

"Swali moja tu limebaki," akasema. "Hili ni pana. Madigadi ya pikipiki yake yana nafasi? Lisije likasugua. Mpigie apime."

Nikampigia Justin. Akapokea kwa haraka. Nyuma yake nikasikia watu wengi, na sauti ya mwanamke inatangaza kitu.

"Uko wapi wewe? Mbona kelele?"

"Redio, dada. Niko bandani." Sauti ilikuwa imekauka zaidi. "Nafasi ipo. Inatosha. Endelea kuchagua, nitakupigia." Akakata.

Redio bandani, ya kondoo. Nikaguna.

Paresh hakuniachia hapo; alinirudisha kwenye tairi hili na lile, saa mbili zikapita, na bado lile pana ndilo nililolipenda. Nikataka mama alione. Nikamwambia Paresh alisimamishe karibu na dirisha, penye mwanga, alishike nipige picha. Akalishika. Tairi likawa linayumba mikononi mwake, picha ya kwanza ikaharibika.

"Kaka Paresh, tulia bwana! Na utazame huku. Mama anakufahamu, baba yako alikuwa rafiki yao. Tabasamu basi!"

Alijaribu. Mdomo ulikataa. Akageuza uso kuelekea barabarani, na mimi nikapiga hivyo hivyo, nikamtumia mama picha, nikaambatanisha na sauti. Nilisema, "Mama, shikamoo. Haya hapa matairi ya Justin. Huyu anayeyashika ni Paresh, amekuwa mzee kweli. Ameniambia kila kitu, na yale ya meno makubwa tuliyokuwa tunayasema mimi na wewe yangemzamisha kabisa. Haya yanapita juu. Usiwe na wasiwasi tena, mama." Simu ikaonyesha tiki moja tu. Nikasema mvua hiyo.

Nilipoinua macho, Paresh alikuwa amenipa mgongo. Anapanga matairi ambayo yalikuwa yameshapangwa.

Nikakumbuka sikumwambia Justin habari ya upepo. Nikapiga. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Simu ya mtu aliyeniambia atanipigia, imezimwa.

"Amekwenda," nikasema kwa sauti. "Amewasha ile pikipiki na vipara vyake, amekwenda kwenye theluji. Redio! Ile haikuwa redio. Walikuwa watu. Wanatangaza hali ya hewa, wanamkataza, yeye amekwenda!"

"Mama Vaileth, kaa—"

"Sikai!"

Nikapiga nyumbani. Akapokea Vaileth. Binti yangu Kiswahili anakisikia chote ila kukisema ni kazi, na mimi nilishazoea kuuliza kwa huku nikijibiwa kwa kule.

"Vaileth, mpe baba simu."

"He's busy, Mum." Akavuta pumzi, akavuta kamasi. "Just stay there, okay? Please just stay at the shop."

"Unalia?"

Akakata. Mtoto wangu amenikatia simu.

Kengele ya mlango wa duka ikalia, akaingia Laurette. Laurette ni Mkongo, jirani yetu, tunafanya kazi pamoja kwenye nyumba ya wazee. Ni mwanamke wa kucheka kwa sauti ya mtaa mzima. Alisimama pale mlangoni kajifunga kitenge juu ya koti, hacheki.

"Mama Vaileth," akasema. "Niko napita tu. Nikaona wewe ndani, nikasema niingiye nisalimiye."

"Umekuja kufanya nini kwenye duka la matairi?"

"Kutafuta pneu." Tairi, kwa Kifaransa chao.

"Laurette, wewe huna gari. Huna hata baiskeli. Unapanda basi!"

Akaja akanishika mkono, akakaa kwenye kiti cha pembeni bila kuuachia. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa.

Nieleze, maana wengine hawaujui utaratibu wetu. Kwetu mtu haambiwi msiba kwenye simu. Haambiwi akiwa peke yake, wala kazini, wala njiani. Anatafutiwa shughuli ya kumshika mahali pamoja, ndefu, inayomchosha akili. Huku nyuma watu wanaitwa, makochi yanasukumwa ukutani, chungu cha chai kinabandikwa. Halafu anafuatwa na mtu wa karibu, anaambiwa, "Twende nyumbani kwanza." Mimi utaratibu huu naujua kuliko ninavyoijua njia ya kwenda kazini, kwa sababu mimi ndiye huwa natumwa kumshika mtu. Nimewahi kumzungusha mama mmoja madukani Stanmore kutafuta mapazia, nikayakataa yote, ya kijani, ya maziwa, huku kwake wanapanga viti. Nilimnywesha chai. Nilimwambia asifanye haraka.

Nikatazama vikombe vyangu vya chai pale mezani. Nikatazama matairi yaliyotolewa stoo, safu nzima. Nikamtazama Paresh asiye na subira.

"Mnanishika," nikasema. "Paresh. Mnanishika mimi."

Machozi yalikuwa yanamtoka, mzee mzima, anayafuta kwa mkono mweusi wa tairi.

Gari likasimama nje. Gari letu, lile la betri iliyokufa. Akashuka Godlisten, amevaa koti lake jeusi la kanisani, Jumamosi mchana. Aliingia akasimama mbele yangu, akasema kwa ile sauti ambayo nimeitumia mwenyewe kwa watu, nayajua mapito yake yote.

"Mama Vaileth, twende nyumbani kwanza."

"Justin amekufa."

"Justin ni mzima. Twende."

"Usinifanye mtoto, Godlisten! Mzima! Ndivyo tunavyosema! Yule wa mapazia nilimwambia mumewe ana malaria kidogo! Niambie hapa hapa, ni theluji? Pikipiki imemlalia?"

"Justin ni mzima, nakuapia," akasema. Sikumwamini hata nukta moja. Walinishika huku na huku, yeye na Laurette, wakanitoa. Nilipopita kwenye lile tairi pana nililisukuma kwa nguvu zangu zote, likaanguka chini likazunguka mpaka likatulia, na Paresh akaliacha hapo hapo.

Ndani ya gari sikulia. Nilishangaa kwa nini silii. Mvua nyembamba ya London ilikuwa inapiga kioo, watu wa uwanja wa mpira wanashuka na skafu zao, wanaimba. Mimi nilikuwa napanga namna ya kumwambia mama. Alishasema nisimpigie simu. Basi nitapanda ndege. Nitafika Machame, nitamkuta jikoni, ataona nimekuja bila taarifa na atajua kabla sijafungua mdomo. Nitapiga magoti. Nitasema, mama, uliniachia mtoto wako, nimechelewa. Nilikuwa nachagua. Nilikaa kwenye kiti nakunywa chai, nauliza maswali, mtoto wako akiwa anazama. Nilirudia maneno hayo kichwani nikiyabadilisha, hili nalitoa, lile naliweka, na kila nilivyoyapanga uso wa mama ulikuwa unanikataa.

Mlangoni kwetu kulikuwa na viatu. Viatu vingi, vimejaa mpaka kwenye ngazi, na nilipoviona niligeuka nirudi garini. Godlisten akanishika kiuno. Mlango ukafunguliwa kutoka ndani.

Akatoka Justin.

Justin! Na soksi zake nene, na koti lake la theluji lenye harufu ya kondoo, na ndevu ambazo hajanyoa. Nilipiga ukelele mpaka jirani ng'ambo akafungua dirisha. Nilimrukia. Nilimshika uso, nikamshika masikio, nikashika vidole vyake kimoja kimoja nione kama vyote vipo. Kisha nikamzaba kibao. Kisha nikamkumbatia nikacheka, nikacheka kama mwendawazimu pale mlangoni kwenye viatu vya watu.

"Mjinga wewe! Mnanifanyia hivi? Mnataka kuniua? Nimeshakuzika, Justin! Nimekuzika kwenye gari! Simu yako ilikuwa wapi?"

"Kwenye ndege, dada."

"Ndege! Na ile redio?"

"Uwanjani. Walikuwa wanatangaza kupanda."

"Mwongo mkubwa! Matairi yako nimeyapata, unasikia? Siyo ya meno makubwa, yale yanachimba. Mapana, laini, na upepo unaweka kidogo, kidogo sana, mpaka yalale. Na usifunge minyororo kwenye theluji laini. Yaani ungejua Paresh alivyonieleza!"

Hakuna aliyenikatiza. Ndani watu walikuwa wamekaa kando ya kuta, wanawake wamejifunga khanga, Vaileth amekaa chini karibu na mlango wa jikoni, macho yamevimba. Wote wananitazama. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikujiuliza wanafanya nini sebuleni kwangu. Nilikuwa na jambo moja tu la kufanya.

"Simu yangu iko wapi?" nikasema. "Laurette, nipe mkoba wangu. Nipe simu nimpigie mama, nimwambie mtoto yupo hapa, mzima, nimemshika kwa mikono yangu."

Laurette aliukumbatia ule mkoba kifuani. Hakunipa.

Nikamgeukia Godlisten. Akatazama chini. Nikamgeukia Vaileth, akauficha uso magotini.

"Simu," nikasema tena, nikanyoosha mkono. "Nataka kumpigia mama."

Justin alinishika mabega. Mikono yake ilikuwa baridi bado.

"Dada," akasema. "Mama alisema mambo haya hayasemwi kwenye simu. Ndiyo maana nimekuja."

Sikumbuki nani alinikalisha. Nakumbuka zulia lilikuwa safi. Nakumbuka nilitaka kumuuliza Justin kama anatania, na sikuuliza, kwa sababu watu wote wale hawawezi kuvua viatu kwa ajili ya utani. Moyo wa mama, alisema. Alfajiri. Evans alimpelekea maji ya kunawa akamkuta. Alimpigia Justin kwanza, wakakubaliana na Godlisten nishikwe mpaka Justin afike.

"Kabla sijaenda Kenton?" nikauliza.

"Kabla, dada."

"Kwa hiyo nilipokuwa nampigia picha—"

Akatikisa kichwa kukubali. Nikamwona Paresh pale dirishani, analishika tairi linaloyumba, na mimi namwambia atabasamu, mama anakufahamu. Uchungu ulinipanda na hasira juu yake. Nilitaka kuwapiga wote.

"Na matairi? Hata matairi yalikuwa uongo?"

"Matairi ni kweli. Yamekwisha kabisa." Alikuwa analia waziwazi sasa, mtu mzima na ndevu zake. "Nilitafuta kitu cha kukushika asubuhi nzima, dada. Sikupata kingine. Nilijua kwa hili hutafanya haraka."

Laurette akaniwekea mkoba mapajani. Niliitoa simu. Picha ilikuwa pale pale, tairi pana na mzee aliyegeuza uso, na chini yake sauti yangu, na tiki moja. Nilitaka kuifuta. Niliona aibu, nilijiona mtu aliyepiga kelele kwenye nyumba ya marehemu. Justin akanizuia mkono, akasema acha.

Akina mama walianza wimbo kwa sauti ya chini. Mtu aliniwekea khanga mabegani. Mimi niliendelea kuitazama ile simu, na nikiwa naitazama, tiki zikawa mbili. Nikashtuka nikamshika Justin mkono. Zikageuka bluu.

"Ni Evans," Justin akaninong'oneza. "Amewasha simu ya mama, anatafuta namba za ndugu."

Nilijua ni Evans. Nani mwingine angekuwa? Lakini vidole vyangu vilikuwa vimeshaandika, na nikatuma: Mama, umeyaona?